Mgeni Asiyetikisa Kikombe

Cheka kwanza, ukimaliza nitaanza. Hapa Hamriya, mtaa wa Maskati ninapokaa, wananiita mtu wa ndoto, na kweli, mimi huota hata nikiwa nimesimama. Lakini hili sikuliota. Alama iko mguuni mwa ami yangu mpaka leo, na ndoto haiachi alama. Tena usidhani ilikuwa usiku. Ilikuwa alasiri, jua linachoma.

Mimi na ami Seif, ndugu yake baba, tulikuwa tukifanya kazi kwenye yoti ya kukodisha. Yeye nahodha, mimi napika, nasafisha, namimina kahawa. Tajiri wetu alisikia kwamba huko Uskochi watu hukodi yoti wakapita pwani kwa pwani, wakishuka kuona wiski inavyokenekwa, inavyochemshwa mpaka mvuke ugeuke matone. Akasema, sisi wiski hatuna, lakini marashi na ubani tunao. Basi tukawa tunachukua wageni Maskati, tunakwenda nao Qurayyat kwa Bi Zuweina, bingwa wa kukeneka.

Siku ile tulikuwa na Mskochi na mkewe. Niliwafikisha kwa Bi Zuweina, mvuke unapanda, marashi yanadondoka tone tone. Mzungu akaniuliza kama maji yale yanalewesha. Nikafasiri.

"Mwambie yanalewesha pua tu," alisema Bi Zuweina, tukacheka sote.

Wageni wakabaki kutazama. Na mimi nikaganda pale pale, nawaza siku nitakayokuwa na yoti yangu mwenyewe, niipe jina la mama. Bi Zuweina akaninyunyizia marashi viganjani.

"Haya, ushapewa marashi. Kwetu mgeni akishanyunyiziwa hana ruhusa ya kukaa tena. Nenda kazini, mvivu we!" Akanitia kichupa mfukoni, zawadi yangu.

Nikarudi kwenye yoti, imetia nanga mbali kidogo na ufuo. Ami nikamkuta amekunja uso. Kipande cha wavu kilikuwa kimejizonga kwenye panga za mashine, zile zinazosukuma yoti chini ya maji. Akajifunga kamba kiunoni, ncha akanipa mimi.

"Nnashuka kuukata. Nkiitikisa kamba, vuta. Usianze kuota!"

"Ami, mie naota nikilala tu."

"Muongo mkubwa," alisema, akavuta pumzi, akazama.

Kamba nikaikanyaga kwa mguu, nikajimiminia kahawa. Ndipo nikasikia, ubavuni mwa yoti, upande wa bahari:

"Hodi."

Sasa wewe, umelelewa nyumba ya Kiswahili, ukisikia hodi unajibu nini? Mdomo ulitangulia akili.

"Karibu!"

Nani anapiga hodi katikati ya maji? Hakukuwa na chombo kingine. Nilipogeuka, alikuwa keshaketi. Kanzu nyeupe, kavu. Uso wake, niamini, niliutazama, na mpaka leo siwezi kukuambia ulivyokuwa. Alinyoosha mkono wa kulia tu, wa kushoto sikuuona.

Nikammiminia. Ningefanyaje? Nimemkaribisha mwenyewe. Akanywa kahawa inayofuka moshi kwa funda moja, akanirudishia kikombe. Kilikuwa baridi kama barafu. Na hakukitikisa.

Unaijua adabu ya kahawa huku Omani: mgeni asipotikisa kikombe, bado hajatosheka, na wewe huna budi kumimina. Nikamimina. Akakirudisha, baridi zaidi. Nikamimina. Dele la kahawa halipungui. Mkono wa kushoto umeshika dele, wa kulia kikombe. Nilitaka kuviweka chini, mikono haikunisikia.

Hapo kamba ikatikisika chini ya mguu wangu.

Ami ananiita! Kamba inatikisika, inakaza, inanichubua unyayo, na mimi namimina. Nililia, sikufichi. Machozi yakadondokea kikombeni, naye akayanywa. Mapovu yalikuwa yakipanda nyuma ya yoti. Kisha hayakupanda. Kamba ikalegea.

Ndipo nikasikia harufu ya marashi viganjani mwangu. Mikono ile ilikuwa imekataa kumwacha mgeni. Je, itakataa kumkirimu? Nikajiambia, simfukuzi, namtia marashi.

"Tafadhali, marashi," nilisema.

Vidole vikafunguka. Nikatoa kichupa, akanyoosha mikono yote miwili, nikammwagia viganjani. Akainamisha kichwa, kama mtu aliyekumbushwa adabu. Akakichukua kikombe, akainuka, akashuka upande ule ule wa bahari. Maji hata hayakulia.

Nikavuta kamba kwa nguvu zote za mama aliyenizaa. Ami aliibuka midomo imemgeuka rangi, akatapika maji, akalala kifudifudi.

"Wavu ulikunasa, ami?"

"Wavu nlishaukata zamani," alisema, meno yanagongana. "Mtu kan'shika mguu. Mkono wake wa moto, kama mkono uloshika kikombe cha kahawa."

Alama ni za vidole vitano, zimeungua kifundoni, hazifutiki. Ami bahari kaiacha, sasa anaendesha wageni kwa gari kule Qurum, na kahawa hainywi wala hataki hata kuisikia harufu yake. Mimi ile ndoto ya yoti nimeikunja, nimeiweka.

Wakati mwingine namhurumia yule mgeni. Kiu ya namna gani ile, ya mtu kutafuta joto kikombe baada ya kikombe?

Lakini nisikilize, ndugu yangu. Ukipigiwa hodi, uliza kwanza ni nani, kisha mtazame, ndipo useme karibu. Usione haya. Mie kila alasiri hodi ikisikika mlangoni, nanyamaza, nashika marashi. Maana yule aliondoka na kikombe changu, na mpaka anaondoka hakukitikisa.