Tenga la Kushukia

Tarehe 14 Aprili, Jumapili. Mvua siku ya nne. Asubuhi ilipungua ikawa manyunyu, ukungu umekaa hadi mlangoni.

Mjumbe alikwisha kutuambia kila kaya iandae mzigo wa dharura, maana udongo juu ya nyumba zetu umeanza kupasuka. Ukishuka, kimbilio ni kigango, kanisa dogo la kule juu mgongoni mwa mlima. Chini si pa kukimbilia, mto umejaa. Mume wangu alinisomea orodha ya siku tatu: tochi, redio, kiberiti ndani ya nailoni, blanketi, dawa za presha za mama, unga, dumu la maji. Nikapanga vyote kwenye tenga langu la kabichi, vizito chini, hakuna kilichocheza. Nilijisifu kidogo.

Mama yangu alikuwa kwenye kigoda. Magoti yake yamekataa tangu mwaka jana. Akalitazama tenga.

"Unakwenda sokoni?"

"Hapana, mama. Ni la kukimbia nalo."

"Na mimi nimo humo?"

Mume wangu akacheka, kisha akaikunja orodha. Siku za kazi yeye yuko kazini Mwembesongo, kule chini, toka alfajiri mpaka jioni. Udongo ukishuka mchana, tuko wawili tu, mimi na mama. Nilitaka kusema mume wangu ndiye aliyemsahau mama, kwa kuwa orodha aliishika yeye. Si haki. Aliyepanga ni mimi, na mama alikuwa hatua mbili kutoka nilipoinama.

Nikasema basi tujaribu sasa hivi. Nikaweka ngata kichwani, nikajitwisha tenga, nikamshika mama mkono. Kwenye tuta la tatu tu shingo ilikataa, na mama akaketi matopeni. Ndipo nikaliona kosa. Miaka yote tunashuka sokoni na mzigo mzito, tunapanda na tenga tupu. Nilikuwa nimepanga mzigo wa kushuka, na safari ni ya kupanda.

"Toa unga," mama akasema, palepale matopeni. "Toa na dumu. Mlima huu leo una shida ya maji?"

"Na blanketi?"

"Nitalivaa."

Tuliporudi ndani, vilivyobaki viliingia kwenye mkoba wake wa kanisani. Akaagiza iongezwe chupa ndogo ya mbegu za maharage, ile inayoning'inia kwenye moshi jikoni. Mume wangu akasema haimo kwenye orodha.

"Orodha yako ni ya siku tatu, baba," akamjibu. "Ya nne mtapanda nini?"

Nikamfunga mama mgongoni kwa vitenge viwili, kama mtoto, mkoba kauvaa yeye. Mume wangu aligeukia migombani, kwa heshima ya mkwe, kisha akatufuata nyuma bila kutushika, maana siku yenyewe hatakuwepo.

Sikutegemea wepesi ule. Mwanamke aliyelima matuta haya yote, nimembeba kama tenga la mchicha! Pumzi yake ilinipita sikioni. "Hilo linateleza. Kanyaga la kushoto. Pumzika hapo, mimi nilikuwa napumzika hapo." Alikuwa anayajua mawe yote, kwa kuwa ndiyo njia aliyonipandishia mimi, mgongoni vilevile.

Tulipofika kigangoni ukungu ulifunguka. Mlima wote wa mbele yetu ulikuwa unashusha maji, mistari myeupe sikuweza kuihesabu, na ngurumo yake niliisikia kifuani kuliko masikioni. Mume wangu alivua kofia.

"Shikamoo," mama akasema taratibu. Pale hapakuwa na mtu aliyemzidi umri.

Tulichelewa sana njiani, lazima niandike hilo. Mvua ikipiga kweli, sijui kama nitaweza. Kesho tutajaribu tena, yeye amekubali. Mkoba umetundikwa kwenye msumari wa mlangoni, vitenge viwili juu yake.

Jioni tumekula ugali wa unga ule uliotolewa kwenye tenga, kwa mlenda. Mama ameomba ukoko.