Maua ya Vainqueur

Dada yangu Benite aliolewa na mwanamume ambaye hawezi kuona kitu kwa mwenzake asikitake kwake, hata kwa namna ya ovyo. Jina lake Vainqueur. Ni karani, wanaishi mtaa wa Ngagara katika zile nyumba za zamani za matofali, nami napanga chumba cha uani kwao. Kwa hiyo haya sikusimuliwa, niliyaona.

Mwaka jana Vainqueur alialikwa mtaa wa Kibenga kwa tajiri mmoja, akarudi hana usingizi. Nyumba ya huko ilikuwa imevikwa mbao kwa nje, na kwenye mbao kumetundikwa vyungu vya maua. Haikupita muda, ukuta wetu wa mbele nao ukavikwa: mbao za plastiki, rangi ya maziwa yaliyoganda, zimeshikizwa kwenye fito nyembamba. Ukizigonga zinalia kama debe tupu. Yeye alizigonga kila asubuhi akitabasamu.

Kisha akaleta vyungu vya udongo, vizito hata kabla ya kutiwa kitu, na minyororo. Akapanda ngazi na visi, yaani skrubu, fupi kama jino la mtoto, akazikaza kwenye plastiki.

Nikamuuliza, "Shemeji, iyo visi inafika ku ukuta?"

"Lisette, we unafundishaka batoto kuimba," akanijibu bila kugeuka. "Mambo ya kujenga uniachie."

Benite alikuwa ameshika ngazi. Dada yangu amejifunza kunyamaza. Mimi bado.

Vyungu vikaning'inia, na Jumapili akamwalika Madamu Olga, mkuu wa ofisi yao. Vainqueur alikuwa anatafuta cheo, na katika akili yake cheo hutolewa kwa maua. Tangu asubuhi alikuwa akiyamwagilia maji, anaondoka, anarudi, anamwagilia tena, ili majani yang'ae. Maji yakachuruzika mpaka chini. Benite alipika samaki wa mukeke na ndizi, tukaweka meza nje. Mgeni alipofika alitaka kukaa karibu na mlango, penye upepo. Vainqueur akakataa katakata.

"Apana, Madamu! Ukae hapa, chini ya maua. Utasikia baridi ya muzuri."

Tulikuwa hatujamaliza kusali, nikasikia sauti kama ya nguo inayochanika. Ubao wa juu ulibanduka, ukavuta wa chini yake, vyungu vikashuka navyo. Kimoja kilivunjikia mezani, juu ya samaki. Madamu Olga hakuumia, Mungu ashukuriwe, ila tope lilimjaa nywele na shingo, likamwingia mpaka ndani ya gauni lake la kitenge.

Na mwenye nyumba alifanya nini? Kumpa mgeni pole? Alimgeukia mke wake.

"Benite! Nilikuambia usitie maji mingi!"

"Mi sikutia ata tone," Benite akasema taratibu. "Ni we mwenye ulikuwa unatia."

Madamu Olga alikuwa anajipangusa. Akautazama ule ubao uliolala chini, visi zote zimo, zimekazwa vizuri kabisa, hakuna hata moja iliyowahi kugusa tofali.

"Vainqueur," akasema, "ata ku kazi uko vile vile."

Akahamia karibu na mlango, akamwomba Benite sahani safi, wakala wakizungumzia watoto na shule. Shemeji yangu alibaki amesimama, ua mkononi, mizizi inamdondoshea tope viatuni. Nilijaribu kumwonea huruma, sikuweza.

Cheo alipewa mwingine. Siku chache baadaye Vainqueur akiwa ndani na redio yake, Benite alitwaa nyundo, akabandua mbao zote zilizobaki, akaenda kuziba nazo banda la kuku. Hakumwomba ruhusa. Mume alitoka, akatazama, akarudi ndani kuongeza sauti ya redio.

Nilidhani aibu itamfunga mdomo. Thubutu! Juzi nilimkuta langoni anamweleza jirani kwamba mbao za plastiki zimepitwa na wakati, kwamba watu waliotembea dunia siku hizi wanaacha ukuta wazi. Yeye huyo, ambaye hajawahi kupita Uvira, hapo ng'ambo tu ya mpaka, na hata huko alikwenda kuzika.