Tulipofuata Kijito Hadi Kwetu

Sisi tuliokulia Mbozi, upande wa Ruanda, hatukuhitaji kalenda kujua kuwa Juni imeingia. Ukiamka ukakuta majani ya migomba yamelowa kana kwamba mvua ilinyesha, na ukungu umeifunika shule hadi mlingoti wa bendera hauonekani, basi ujue kipupwe kimefika na kahawa imeiva. Tulikimbia mchakamchaka meno yakigongana, wengine ndani ya sweta za kaka zao zilizofika magotini, wengi miguu peku. Kila mmoja alishika kiazi alichokitoa jivuni, kwanza cha kupasha viganja, kisha cha kula. Wajukuu wetu wakisikia baridi wanavuta blanketi na kuuliza kama shule itafungwa. Sisi tulikimbizana nayo.

Mchana jua likitoka tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu, na jioni tulikwenda kuchuma. Midomo yetu ilikuwa mitamu kwa kufyonza maganda ya kahawa nyekundu, kisha mbegu unazitema ndoani ili mama asione upungufu. Baada ya kuchuma ndipo kazi hasa ilipoanza. Kwetu palikuwa na mashine ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono, na majirani walileta kahawa yao kumenya kwetu. Baba aliifunga karibu na kijito, kwa sababu kahawa haimenywi bila maji mengi. Baada ya kumenya iliwekwa kwenye vyombo ivundikwe, halafu ikaoshwa na kuanikwa kichanjani. Harufu ile ya kahawa inayovunda ilikuwa ndiyo harufu ya nyumbani. Hata leo nikipita Mlowo msimu wa mazao, nikaisikia, naona kama mama ataniita.

Kijito hicho kilishuka kutoka kwetu, kikapita chini ya shule, kikaingia kitongoji tulichokiita Bondeni. Na kila msimu wa kahawa, watoto wa Bondeni walijikuna miguu hadi ikatoka vidonda, na wengi walishika matumbo wasije shule. Zahanati iliwaambia wachemshe maji. Walichemsha, lakini miguu haichemshwi, na mtoto lazima avuke kijito kuja shule.

Mwaka nilipokuwa darasa la sita, watu wakapata jibu lao. Kulikuwa na familia iliyopanda kutoka bonde la Momba na ng'ombe wao kutafuta majani, ikapewa sehemu ya kukaa kati ya shule na Bondeni. Ng'ombe wao walikunywa kijitoni. Basi ikasemwa kuwa ng'ombe ndio wanaochafua maji. Ilianza kama maneno ya kisimani, ikafika kanisani, mwisho mwenyekiti wa kitongoji akasema kahawa ikishauzwa kutakuwa na kikao, na familia ile itaombwa irudi ilikotoka.

Binti yao, Kabula, alikuwa darasani kwetu. Alikuwa mrefu, mkimya, Kiswahili chake kikiwa na mwendo wa kwao. Aliyekaa naye dawati moja aliomba kuhama. Hakuna aliyempiga wala kumtukana, ila wakati wa rede hakuna aliyemchagua, akawa anasimama kando ameshika fagio lake kama aliyetumwa.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa Mwalimu Sichone, naye mtu wa Momba, ambako mwezi wa Oktoba watu hufukua mchanga wa mto kutafuta maji. Labda ndiyo sababu hakupenda kusikia maji yakizungumzwa ovyo. Siku moja aliuliza darasani nani anajua kinachochafua kijito. Tukajibu wote kwa pamoja, kama tulivyojibu jedwali la kuzidisha, kwamba ni ng'ombe. Akauliza nani ameona. Hakuna mkono ulioinuka.

"Basi bado hatujui," akasema. "Tutakwenda kutazama."

Wakati ule mwalimu alikuwa mtu wa ubao na fimbo. Anaandika, unanakili, ukikosea unachapwa. Kusikia mwalimu mzima anasema hajui, tulidhani anaumwa. Akachagua kikundi. Mimi nilichaguliwa kwa mwandiko wangu. Yona alichaguliwa kwa nguvu zake za kubeba vitu, na Aneti wa Bondeni kwa mdomo wake, maana angeweza kuongea hata na mlango. Wa nne alikuwa Kabula. Aneti alinung'unika kwamba mdogo wake analala na homa ya tumbo halafu yeye atembee na wenye ng'ombe. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba kama mdogo wake anaumwa, yeye ndiye mwenye haja zaidi ya kujua ukweli. Hakumkaripia. Aneti akanyamaza, jambo ambalo lilikuwa habari darasani.

Jumamosi tukawa tunakwenda. Mwalimu alitutembeza, lakini hakutuambia kitu. Ukimuuliza, anakurudishia swali. Ukimwambia unachofikiri, anasema, "Hilo ni wazo. Umeona nini?" Mwanzoni tulimchukia kwa hilo. Yona alisema mwalimu huyu anakula mshahara wa bure, kazi tunafanya sisi.

Tulichota maji kwenye chupa za soda, sehemu mbalimbali za kijito, tukazipanga kwenye dirisha la darasa zitulie. Aneti alitumwa kuhoji akina mama wa Bondeni. Alirudi akiwa na maneno mengi, lakini moja lilitusimamisha: bibi mmoja alisema hata mama yake Aneti, alipokuwa mdogo, alijikuna vilevile kila mwaka kahawa ikiiva. Wakati huo familia ya Kabula haikuwa imekanyaga Ruanda. Aneti alituambia hayo akiwa anatazama chini.

Ndipo Kabula akazungumza. Alisema ng'ombe wao wenyewe msimu huu wanakataa maji ya kijito. Wanafika, wananusa, wanageuka. Kaka zake wanawapeleka mbali kunywa, na wanarudi giza limeingia.

"Mbona hukusema siku zote?" Aneti akamuuliza.

"Hakuna aliyeniuliza," akajibu.

Mwalimu Sichone alituangalia tu, nasi tukaelewa kwamba lazima tupande juu.

Jumamosi iliyofuata tulipanda tukifuata maji. Shuleni yalikuwa ya rangi ya chai iliyokolea. Tulivyopanda, yakazidi, yakawa na utelezi kwenye mawe, na kando hapakuwa na chura wala kaa. Kisha nikasikia ile harufu. Wenzangu walishika pua. Mimi sikushika, kwa kuwa ilikuwa harufu ya kwetu. Niliona maganda mekundu yameziba kwenye mizizi, na nyuma ya migomba nikaona bati letu. Tulipopita juu ya mashine ya baba tukakuta maji meupe yanayoonyesha mchanga, na Yona akapiga magoti akanywa.

Nilijua kabla ya wote, na nilisema kabla ya wote. Nilisema, "Hapa ni kwetu." Mwalimu akatuketisha kwenye nyasi. Akaniambia kuwa kwenye mkutano wa wazazi, ambako tungewasilisha, kikundi kinaweza kutaja mahali bila kumtaja mtu, na kwamba kama naona ni vigumu, Aneti atasoma sehemu yangu. Nikamwambia nitamwambia baba kwanza, asije kusikia mbele za watu.

Nilimwambia jioni hiyohiyo, akiwa anapunguza moto wa maharage kwa sababu mama alikuwa kichanjani. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na alisikiliza bila kunikatiza. Nilimweleza chupa, bibi wa Bondeni, ng'ombe wanaogeuka. Alipojibu hakupaza sauti.

"Hiyo sare umevaa, unajua imetoka wapi?"

Nikasema imetoka kwenye kahawa.

"Basi kesho kutwa ukasimame mbele ya watu umtukane aliyekuvalisha."

Usiku ule hakula. Mama aliposikia, aliendelea kupepeta maharage, kisha akaniambia kwa Kinyiha, polepole, maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema kwamba ukweli wa mtoto hauna adabu wala utovu wa adabu, ni ukweli tu. Alisema baba atakasirika na atapoa, lakini Kabula wa watu akishafukuzwa harudi.

Mwalimu alikuwa amemwomba mkuu wa shule tuwasilishe kwenye mkutano wa wazazi. Siku hiyo tulipanga chupa mezani, kuanzia za juu hadi za chini. Wazazi walijaa darasani, wengine wakasimama madirishani, akina mama wa Bondeni na watoto migongoni. Baba yake Kabula alikuwa mlangoni na fimbo yake, hajui aingie au asiingie. Baba yangu alikaa benchi la nyuma, kofia magotini, hakuniangalia.

Aneti alisema kwa sauti kubwa yale aliyoambiwa na bibi. Kabula alieleza habari za ng'ombe, na Kiswahili chake siku hiyo hakuna aliyekicheka. Yona alipitisha chupa watu wanuse. Nami nikaeleza tulivyopanda, mahali maji yalipobadilika, na juu yake yalivyokuwa meupe. Mwenyekiti wa kitongoji akauliza hapo mahali ni kwa nani. Wenzangu wakatazama sakafu. Mwalimu Sichone naye alitazama dirisha.

"Ni kwetu," nikasema. "Ni maji ya kuoshea kahawa."

Watu wakageuka wote kumtazama baba. Nilidhani atatoka. Alikuwa amefura, naona hata leo mshipa wa shingo yake. Lakini hakutoka. Alikaa pale wakati wanaume wawili wakibishana kwamba kahawa imemenywa hapo tangu enzi za babu zao, akakaa wakati mama mmoja wa Bondeni alipomwonyesha miguu ya mtoto wake, akakaa mpaka mkuu wa shule alipofunga kwa sala. Ile chupa ya pale kwetu ilipomfikia, aliifungua, akanusa, akampa wa pembeni yake. Kikao cha kuifukuza familia ya Kabula hakikufanyika. Hakuna aliyetangaza kuwa kimefutwa. Hakikuzungumzwa tena tu.

Nyumbani siku hizo nilimwekea baba maji ya kunawa, akanawa, basi. Halafu asubuhi moja nilimkuta ng'ambo ya migomba, mbali na kijito, amesimama na jembe. Akaniita.

"Haya, mtafiti. Shimo likae wapi?"

Nikamwonyesha. Tukachimba, yeye na mimi, na Yona alikuja kusaidia kwa sababu alisikia mama anapika ndizi na maharage. Maji ya kahawa yakaanza kuingia shimoni, na maganda yaliyooza baba akayaweka kwenye migomba. Wenye mashine wengine, wa vijito vinavyoingia hicho chetu huko chini, hawakufuata mara moja. Mmoja alichimba mwaka uliofuata, mwingine alisubiri mpaka serikali ya kijiji ilipomlazimisha. Miguu ya Bondeni haikupona kwa mwaka mmoja. Ila ilipona. Familia ya Kabula baadaye ilihama yenyewe, majani yalipopungua, na Aneti ndiye aliyelia siku wanaondoka. Mwalimu Sichone alihamishwa. Wa baada yake alirudisha fimbo, nasi tukarudi kunakili ubaoni, lakini tulikuwa tumeshaharibika: tulikuwa tunauliza nani ameona.

Baba ameshatangulia mbele ya haki. Mimi naishi Tunduma, mpakani na Zambia, nina duka la vifaa vya shule, na mwaka huu walimu wa shule ya jirani waliniomba nikae na kikundi cha darasa la tano kinachofanya uchunguzi wao. Swali lao ni kwa nini mtaro wa nje ya shule unafurika kila mvua ikinyesha. Siku ya kwanza mmoja alichukua simu ya mwalimu, akaiuliza, na kabla sijavaa miwani akanisomea jibu zuri sana kuhusu mitaro ya nchi nyingine. Nilicheka. Kisha nikawauliza nani ameuona huu wa kwetu, tukatoka. Ni watoto wepesi, wepesi kuliko sisi. Wanasema Kiswahili, Kiingereza, na Kibemba cha sokoni. Kwa sababu ya malori hawaruhusiwi kwenda mbali, kwa hiyo tulifuata mtaro mpaka geti la pili tu, tukarudi. Mama wa mmoja wao alinipigia simu akiuliza kama viatu vyake vimelowa. Vilikuwa vimelowa.

Siku ya kuwasilisha walipanga picha zao ukutani, wamezichora vizuri. Walikuwa wamegundua kwamba takataka zinazoziba mtaro zinatoka kwenye maduka, na la kwangu lilikuwa mojawapo, wakanitaja bila kupepesa macho. Viti tulivipanga mistari. Walikuja wazazi wachache, wakakaa mbele mbele. Waliobaki walituma alama ya dole gumba kwenye kundi la wazazi la simu, moja baada ya nyingine, na mwalimu akawaonyesha watoto ili wasivunjike moyo.

Watoto walifurahi. Mimi nilitazama vile viti vitupu vya nyuma, nikamkumbuka mtu aliyekuja na hasira zake zote, akaketi, akanusa chupa, asiondoke mpaka sala ya mwisho.