Kiti cha Kadiri

Harerimana, fundi mbao wa mtaa wa Nengo mjini Gisenyi, alikuwa mwema kwa watu wote isipokuwa mmoja. Msiba ukitokea, yeye ndiye aliyekuja na misumari bila kuitwa. Mlango wa mjane ukilegea, aliupitia njiani akaukaza, akaenda zake. Lakini ukitaja jina la Kadiri mbele yake, randa ilisimama katikati ya ubao.

Kadiri alikuwa fundi cherehani. Alikaa barazani kwa duka la baba yake, kofia nyeupe kichwani, mguu kwenye kanyagio, akisalimia kila apitaye. Mtu asiyejua angeuliza: fundi mbao na fundi nguo wanagombania nini? Mmoja hakati nguo, mwingine hapigi randa. Lakini ugomvi wao haukuwa wa mbao wala wa nguo. Ulikuwa wa kiti.

Ulianza kwa Musyu Hendrickx, Mbelgiji mzee, aliyefiwa na mke, mwenye nyumba ya wageni pale ufukweni mwa ziwa. Ujana wake wote alikuwa amepiga selo, ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti, pamoja na rafiki zake huko kwao. Baadaye baridi yabisi ikamkunja vidole kama mizizi. Wazungu wenzake wa Gisenyi walipenda tenisi na karata. Hakuna aliyetaka kujifungia chumbani kupiga muziki wa watu watatu. Na muziki ule ndio aliokuwa na kiu nao. Hauna mkubwa wa kusimama mbele na kupunga mikono kama bendi ya askari. Watu ni wachache, kila mmoja ana sauti yake, na kazi yao kubwa ni kusikilizana.

Basi mwaka wa hamsini na moja mzee akaanza kutafuta mikono ya kumpigia. Harerimana alikuja kutengeneza dirisha, mzee akamsikia anaimba huku anapiga patasi bila kukosea mwendo. Kadiri alikuja kupima mapazia. Twagirimana, mpagazi wa bandarini, alichukuliwa kwa sababu ndiye peke yake aliyeweza kuishika selo isitikisike. Wawili wa kwanza walipewa fidla, wa tatu selo, na jioni baada ya kazi wakawa wanafunzi, watu wazima wenye watoto nyumbani.

Mtu angedhani Harerimana ndiye angekuwa wa kwanza. Baba yake, kule Cyanzarwe, alikuwa mpiga iningiri, ile fidla ya uzi mmoja, na harusi haikuchangamka kabla hajafika. Kadiri, uzi aliowahi kugusa ni wa kushonea. Lakini zile karatasi zenye alama nyeusi nyeusi, Kadiri alizisoma upesi, macho yake yamezoea tundu la sindano. Harerimana alizisoma polepole, kidole chini ya mstari. Mzee akampa Kadiri kiti cha kwanza, cha karibu na dirisha, na sauti ya juu inayoshika wimbo. Harerimana akapewa kiti cha pili, na sauti ya chini inayoufuata wimbo nyuma nyuma, kama mke mdogo.

Miaka ikapita wakiwa hivyo. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana walipiga mbele ya wageni, wamevaa suti nyeusi. Suti hizo alizishona Kadiri. Ya Harerimana ilimkaa vizuri mabegani kuliko nguo yoyote aliyowahi kuvaa, na hilo pia lilimkera.

Siku moja mke wake, Mukamusoni, alirudi kutoka soko la Mahoko akicheka.

"Baba Uwimana, leo mama mumoja wa viazi ameniuliza: bwana yako haiko mule kwa watu ya Kadiri?"

"Watu ya nani?"

"Ya Kadiri. Njo namna wanawaita."

Harerimana aliweka kijiko chini. "Tuko watatu. Baba yangu alipiga iningiri mbele ya watu wakati huyu Kadiri anajifunza kutembea. Na mi niko mutu ya Kadiri?"

"Yoo! Jina tu, kwani inakula chakula yako?"

"We haujamuona. Wageni wakikaa, ananyoosha shingo, anafunga macho, kisha anavuta pua." Akamwigiza: akainua kidevu, akavuta pumzi kwa pua kwa kishindo. "Hmmff! Sawa mbuzi amesikia mvua. Mbele ya wazungu! Siku mi nitakaa pale kwa dirisha, hautasikia pua yangu hata kidogo."

Mukamusoni alicheka mpaka akashika ubavu, na watoto wakashinda wiki nzima wakivuta pua uani. Harerimana hakucheka. Wivu wake ulikuwa umeshapita mahali pa kucheka. Akiwa anapiga, jicho lake halikuwa kwenye karatasi tena, lilikuwa kwenye mkono wa Kadiri, vile vidole vyembamba vinavyotembea juu ya nyuzi bila haraka. Kila noti tamu ilimchoma. Noti mbaya ikitokea, na zilitokea mara chache, aliilamba kama asali.

Mwaka wa hamsini na sita Musyu Hendrickx akawaita chumbani, fimbo yake mkononi.

"Bon. Kuna watu wanakuja toka Bukavu. Wana chumba kikubwa cha muziki kule. Wakiwapenda, mutapanda bateau ya ziwani, mutaenda kupiga kwao."

Twagirimana alipiga makofi. Harerimana alisimama. Maneno alikuwa ameyabeba tangu zamani kama mtu aliyebeba gogo, na sasa bega lilikuwa limechoka.

"Musyu, mi naomba kiti ya kwanza."

Mzee alimtazama, kisha akamtazama Kadiri. Harerimana naye alimgeukia Kadiri. Alikuwa ameandaa majibu ya kila tusi. Angeambiwa vidole vyako vinene, alikuwa na la kujibu. Angeambiwa wewe husomi upesi, alikuwa nalo pia.

Kadiri alikuwa anapaka sandarusi kwenye upinde wake. Hakuacha kupaka.

"Chukua, ndugu yangu. Kiti iko kiti tu. Hata mimi jua ya ile dirisha inanichoma shingo."

Kama angemtukana ingekuwa afadhali. Kitu kilichomnyima usingizi miaka yote, mwenzake alikitoa kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi.

"Hauna hasira?" Harerimana aliuliza, karibu kwa kumsihi.

"Hasira ya nini? Wallahi, hata sauti ya chini ni nzuri. Nilikuwa ninaisikia tu kila siku, ninasema, huyu mutu anakula nyama, anatuachia mifupa."

Twagirimana akacheka kicheko chake cha bandarini. Harerimana akakaa kwenye kiti cha dirisha. Jua lilikuwa kali kweli.

Wakaanza mazoezi. Harerimana aliamka mapema akapiga kabla ya kazi, akapiga tena jioni, mpaka jirani akamwuliza kama kuna mgonjwa ndani. Akaujua wimbo wa juu wote bila karatasi. Katika mazoezi kila kitu kilikwenda sawa. Mzee aligonga sakafu kwa fimbo, moja, mbili, tatu, nao wakaingia pamoja. Hata yeye Musyu, aliyekuwa bahili wa sifa kuliko wa sukari, alisema, "Pas mal," yaani si mbaya. Siku hiyo Harerimana alipita njia ndefu ya barazani kwa Kadiri makusudi, fidla kwapani, apate kuonekana. Kadiri akampungia mkono, pini mdomoni.

Jumapili ya wageni ikafika. Watu wa Bukavu walikuwa wamekaa mstari wa mbele, wanawake na kofia zao, wanaume na miwani. Nyuma, mlangoni na madirishani, walijaa watu wa Gisenyi: wapishi, madobi, wavuvi wawili watatu, na Mukamusoni na kitenge chake kipya. Musyu Hendrickx alikaa kati ya wageni, na fimbo ameilaza chini ya kiti. Ndivyo ilivyokuwa siku zote mbele ya watu. Yeye alisema watu watatu waliozoeana hawahitaji fimbo.

Wakaketi. Wakalinganisha nyuzi. Harerimana akainua upinde. Akamwona mke wake mlangoni, akakumbuka mbuzi na mvua, akafunga midomo na kuituliza pua yake, uso laini kama ubao uliopigwa msasa. Akangoja kuanza.

Kukawa kimya.

Akangoja. Twagirimana alikuwa anamtazama, upinde juu ya uzi. Kadiri alikuwa anamtazama. Mgeni mmoja akakohoa. Harerimana hakuelewa kwa nini wenzake hawaanzi. Kisha akaona kwamba hata yeye hajaanza, na hakujua jinsi ya kuanza. Wimbo wote ulikuwa kichwani, kila noti na mahali pake, ila mlango wa kuingilia hakuuona. Akaubwaga upinde kwenye uzi kwa nguvu. Akapiga peke yake. Twagirimana akaingia amechelewa, akagonga noti isiyo yake. Kadiri hakuingia kabisa. Kikawa kitu kama gari lililoanguka na vyungu. Wakanyamaza. Mlangoni mtu akasema, "Ayii!" na mwingine akaangua kicheko.

Jasho lilimtoka Harerimana chini ya suti ya Kadiri. Akainua tena upinde, na mkono ukabaki hewani kama tawi.

Ndipo akasikia, upande wa kiti cha pili: hmmff.

Ile ile. Mbuzi na mvua. Na kabla hajaamua lolote, mkono wake mwenyewe ukashuka. Haukumwuliza. Ulikuwa umeitii pua ile miaka yote, na sasa ukaitii tena, na selo ikashuka pamoja nao, na sauti ya chini, zote tatu kwa mara moja kama majani yanavyoinama kwa upepo mmoja. Kila wimbo ulipobadilika mwendo, pua ile ikavuta tena kidogo, na wote watatu wakageuka nayo. Harerimana alipiga vizuri kuliko siku zote za maisha yake, na kila noti aliichukia.

Wageni walipiga makofi wakisimama. Bibi mwenye kofia ya manyoya alikuja moja kwa moja kwenye kiti cha dirisha, akampa Harerimana mkono kabla ya wenzake, akasema maneno mengi ya Kifaransa. Twagirimana, aliyeokota Kifaransa bandarini, akamtafsiria: "Anasema tuende Bukavu. Anasema we njo kichwa yetu."

Harerimana alitazama kando. Kadiri alikuwa anafuta fidla kwa kitambaa, anacheka na dobi mmoja dirishani.

Wakifungasha, Harerimana alimsogelea. "Kwa nini umenisaidia? Ungeniacha nianguke."

"Nikuache, halafu? Bukavu niende na nani?" Kadiri akafunga sanduku. "Wee baba, kwa kiti ile mutu anapumua. Wengine wanaogopa kuanza kama hawajasikia pumzi."

"Mi sipumui kama mbuzi."

"Basi mi nitapumua. We piga."

Na ikawa hivyo. Kadiri hakukidai kiti chake. Harerimana alijaribu pumzi mwenyewe, chumbani, mbele ya kioo cha mke wake. Ikatoka kubwa mno au ndogo mno, na Twagirimana kila mara aliingia mapema au akachelewa. Mwisho akaacha. Akakaa mbele, kwenye jua, na jina likabaki lile lile: watu wa Kadiri.

Siku ya kwenda Bukavu ilipokaribia, mvua za baridi zikateremka toka milimani na nusu ya mji ikaanza kukohoa. Asubuhi moja Harerimana alipita barazani akamkuta Kadiri anashona, macho mekundu, leso mkononi.

"Ndugu," Kadiri akasema, na sauti ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa, "leo pua imefunga kabisa."

Harerimana alisimama pale njiani. Kisha akarudi nyumbani mbio, na sanduku la zana likagonga mguu wake hatua zote. Mukamusoni alimwona anaingia jikoni, anatafuta tangawizi.

"Nani mugonjwa?"

"Hakuna mugonjwa. Chemsha maji. Iko asali?"

Tangu siku ile, mpaka meli ilipoondoka, watu wa Nengo walimwona kila asubuhi Harerimana, yule aliyekuwa hawezi kulisikia jina la Kadiri, akiteremka na chupa ya maji ya tangawizi iliyoviringishwa kitambaa. Alisimama barazani, uso umekunjwa kama mtu anayelipa faini, akaitoa chupa, akauliza:

"Pua iko namna gani leo?"

Na Kadiri alipojibu kwamba upande mmoja umeshafunguka, Harerimana alishusha pumzi kwa furaha, na papo hapo akamwonea wivu hata huo upande mmoja.