Dakika Mbili Chini ya Taa

Maabarani walimwita Bi Vidole. Kila jeli ilipogandishwa, kipande chake cha majaribio alikibonyeza kwanza kwa kidole, kabla ya mashine kupima ugumu, akatamka: "Uji," au "Inafaa," au "Jiwe hili." Kwa miaka kumi na tisa mashine ilikubaliana naye, hata vijana wakasema imeajiriwa kumsaidia yeye.

Jumatano hiyo jeli ilikuwa ya dada yake. Goti la dada lilikuwa limelika gegedu, ule utando mweupe unaozuia mifupa kusagana, kwa miaka mingi ya kusugua sakafu za watu. Seli zake chache zilichukuliwa, zikakuzwa, na sasa zimechanganywa na jeli ili kesho zipandikizwe. Taa maalumu ilipaswa kuigandisha kwa mwanga wake kwa dakika tatu. Ikiwa laini mno ingesagika; ikiwa ngumu mno, seli zingejinyoosha zikatengeneza kovu badala ya gegedu.

Taa ikiwa imeshawashwa, simu ya dada ikalia, akatoka kwenda kuipokea ukumbini.

"Mdogo wangu, kesho nivae gauni lipi? Nisije nikapasuliwa nimevaa kama naenda kudai talaka."

Wakacheka. Aliporudi, taa ilikuwa imewaka dakika tano.

Akabonyeza. Kidole kikajua: jiwe. Mashine ikatoa namba ya ukingoni kabisa, ndani ya kiwango kwa unywele tu.

"Imepita," alisema daktari wa upasuaji aliyekuja kuikagua.

"Kwa mashine imepita. Lakini nimeiunguza, daktari. Nilikuwa kwenye simu."

Daktari alimtazama, kisha akafuta jina la mgonjwa kwenye ratiba ya kesho. Seli za dada za akiba kwenye friza zilikuwa chache. Zingehitaji wiki sita kukua, kama zingekubali.

Jioni alimkuta dada ameegesha mguu juu ya kigoda, gauni limepigwa pasi na kutundikwa mlangoni. Akamweleza.

"Ni mzembe gani huyo?"

"Mimi, dada. Nilikuwa naongea na wewe."

Dada alilitazama gauni.

"Basi tumeiunguza wawili," akasema. "Na hizo za akiba, zitakubali?"

Bi Vidole aliketi sakafuni, akaweka kidole juu ya goti lililovimba.

"Unasemaje, Bi Vidole? Uji au jiwe?"

Aliendelea kubonyeza taratibu, na safari hii kidole hakikujua.