Lengo la Hatua Kumi

Fundi wa simu wa mtaa wa Gisimenti, jirani wa duka langu mlango wa pili, husalimia kila kifaa kabla ya kukifungua. "Mgonjwa, iko aje leo?" huiuliza simu iliyozama chooni, huku akiifuta kwa upindo wa shati kama anayemfuta mtoto kamasi. Vidole vyake ni vinene, ila kile kidogo cha kulia amekifuga ukucha mrefu, na kwa ukucha huo huinua vioo bila kuvivunja.

Jumamosi Pudentienne wa mtaa wa Niboye alimleta bintiye Akimana mgongoni, pamoja na saa ya watoto ya kuhesabu hatua. Mguu wa mtoto uliovunjika ulikuwa umetolewa plasta wiki tatu nyuma na mfupa umeunga, lakini mtoto hakuthubutu kuukanyagia. Fundi akaiunganisha saa na simu ya mama, akaandika jina, akaandika miaka saba. "Lengo ya siku iko hatua ngapi?"

"Weka elfu sita," mama akasema.

Fundi akamgeukia mtoto. "Na wewe, sha, mwanangu?"

"Kumi."

Akaandika kumi, bila kucheka. Akimana akashuka, akashika meza, akahesabu hatua kuelekea mlangoni. Ya kumi ilipotimia saa ikatetemeka, nyota zikamwagika kiooni, na fundi akaruka akipiga kelele kumshinda mtoto.

"Weka ishirini!" mtoto akadai.

Fundi akaweka. Kisha hamsini. Kwenye mia moja Akimana alikuwa ameshapita dukani kwangu, fundi akimkimbilia na simu mkononi, na mama nyuma yao, akilia na kucheka: "Fundi, sasa mwambie apumzike!"