Gari langu lilitikisika wiki nzima ya harusi, na mhusika ni dada yangu

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nianze na uwajibikaji, kama nilivyozoea kazini kabla ya kustaafu. Mtikisiko wa gari langu hapa Tukuyu ulisababishwa na mtu mmoja: dada yangu mkubwa, Atupele. Si fundi, si mafuta, wala si uzee wa gari. Haya niliyashuhudia mwenyewe, na mhusika amesomewa kabla sijayaweka hapa. Alicheka tu.

Gari ni la dizeli, la zamani, linavuta magurudumu yote manne. Nilikuwa nimeahidi kumchukua binti wa dada huyo huyo, Neema, kutoka kwao Kisondela hadi kanisani siku ya harusi yake, Jumamosi. Mvua ilikuwa hainyamazi, na njia ile gari dogo haliiwezi. Mjomba ameahidi, basi.

Dada alikuja kwangu mapema wiki hiyo kuandaa sherehe. Asubuhi iliyofuata nikawasha gari.

Wakuu, lilitetemeka! Likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, usukani ulicheza, vioo viligonga, na kiti kilinitikisa tumbo. Nikikanyaga mafuta, linatulia.

Dada akapaza sauti kutoka kibarazani: "Bwana Afisa, na gari nalo limestaafu?"

Nikamwita Fundi Anyosisye. Akalegeza bomba za nozo, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, moja baada ya nyingine, na kila mara mlio ulibadilika. Maana yake silinda zote zilikuwa zinafanya kazi. Akamulika kwa juu raba zinazobeba injini, hazikuwa zimekatika. Akasafisha nozo hivyo hivyo, asiondoke bure.

Kesho yake mtikisiko ukapungua kidogo. Fundi akavimba kichwa. "Mzee, si unaona? Huo ni mkono wangu."

Siku iliyofuata ukapungua tena, ingawa hakuna aliyeligusa.

"Nozo zinazoea," akasema.

Kauli hiyo niliipinga papo hapo, na naomba ieleweke hivyo.

Ijumaa bado lilikuwa linatikisika, na fundi akaja tena. "Mzee, tushushe injini."

Kushusha injini Ijumaa ni kusema Neema aende kanisani kwa bodaboda, na gauni lake jeupe, kwenye tope la Kisondela. Nilihisi jasho, na hapa kwetu kwa baridi hii mtu hatoki jasho ovyo.

Ndipo dada akatokea na sinia mkononi.

"Pisheni hapo, nichukue ndizi zangu."

"Ndizi gani, dada?"

"Za wageni. Jiko lenu la gesi halina joto la kuivishia ndizi. Humu ndani ya boneti kuna joto zuri."

Kumbe alikuwa amefunga chane za ndizi mbichi kwa majani makavu ya mgomba, kama tunavyofanya nyumbani, akalichomeka furushi kando ya injini. Hakumwambia mtu, eti wajukuu wangezichungulia na kuzimaliza.

Akaingiza mkono. Hakuna kitu. Fundi akaingia chini ya gari, kisha tukasikia kicheko.

Furushi lilikuwa limeteleza na kubanwa kati ya injini na chasisi. Mtikisiko wote ambao raba zingeumeza ulikuwa unapita kwenye ndizi mbichi, ngumu kama kuni, moja kwa moja hadi kwenye kiti changu. Na ulikuwa unapungua kwa sababu ndizi zilikuwa zinaiva!

"Fundi," nikamwambia, "mkono wako huo."

Alipolichomoa, nikawasha. Gari likatulia tuli. Dada akapiga vigelegele. Tukazila pale pale, zile zilizokuwa zimeiva, fundi akiongoza. Jumamosi Neema alifika kanisani bila tone la tope kwenye gauni.

Funzo, wakuu: gari likitikisika sailensa na silinda zote ziko sawa, kagueni kwa chini kama kuna kitu kinagusa injini, kabla ya kukubali ishushwe. Kisha waulizeni watu wa nyumbani. Mwenye kisa kama hiki akiweke hapa.

Mwisho. Leo asubuhi akina mama wawili wamefika getini kwangu na mafurushi ya ndizi mbichi, wakiulizia "lile gari". Kwa hiyo namtaka dada Atupele afike mbele ya kikao cha familia Jumapili hii, baada ya ibada, aeleze bila kucheka ni nani aliyempa idhini ya kulitangaza gari langu kwa majirani.